Nukta Juu ya Fe

Karatasi ilipitishwa chini ya pazia, na kabla ya maandishi niliona vidole vilivyoisukuma. Vilikuwa vidole vya karani, vimeoshwa vizuri, vina wino wa zambarau kwenye ncha. Nilikuwa mwali, mwezi wa saba ndani, na hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuniona isipokuwa baba yangu, ambaye naye hakuweza kuniona vizuri mimi wala mtu mwingine. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ndiyo maana karatasi ililetwa kwangu.

"Soma, Chausiku," Baba alisema kutoka barazani. "Soma taratibu."

Sikusoma taratibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilisoma vizuri kuliko wavulana wote wa chuo chake cha Kurani, na kwa miezi saba hakuna mtu wa nje aliyekuwa amenisikia. Mtu aliyefungiwa ndani muda huo wote, ukimpa wasikilizaji, hata kama ni karani mmoja na askari wawili, hulewa bila pombe. Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati wake.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1916. Morogoro ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, lakini kila aliyekuwa na masikio alijua Waingereza wanakuja. Mji ulikuwa umekwisha wanaume. Waliobaki walikuwa wazee, vilema na wale waliojua kujificha milimani. Wengine wote walikuwa wapagazi, wakibeba risasi na unga na vitanda vya mabwana, na kambi yao ilikuwa ng'ambo ya mji, karibu na mto Ngerengere. Tulikuwa tunasikia kengele yao alfajiri. Abasi alikuwa huko tangu mwezi wa Rajabu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mji mzima ulilijua, nami sikulijua kwa sababu nilikuwa ndani. Wapagazi walikuwa wanatoroka, na njia ya kutoroka ilikuwa kuvuka mto Ruvu na kwenda upande wa Waingereza. Kambini hawakusema fulani katoroka. Walisema kavuka. Ukiuliza, "Yuko wapi yule wa jana?" unajibiwa, "Kavuka," na mazungumzo yanaishia hapo. Mabwana nao wakajifunza neno hilo, kama wanavyojifunza maneno ya aina hiyo, haraka kuliko ya salamu.

Karani alikuwa Dominiko, kijana wa misheni, mpole, aliyemwamkia Baba shikamoo kama mwanawe. Alijua herufi za Kizungu tu. Karani mzee aliyekuwa akisoma herufi za Kiarabu alikuwa amekufa kwa homa, kwa hiyo karatasi yoyote iliyookotwa yenye herufi hizo ililetwa kwa mwalimu wa chuo.

"Mwalimu, nisamehe," Dominiko alisema siku hiyo kabla sijaanza. "Nimeagizwa niseme. Bwana wa kambi amesema atakayesoma uongo, au akibadilisha neno, atapigwa viboko hamsa ishirini. Awe mzee, awe mwali."

"Sisi hatusomi uongo," Baba alijibu. Hakukasirika. Alikuwa amezoea kuambiwa mambo ya kijinga na watu wenye adabu.

Basi nikaichukua karatasi. Ilikuwa kipande kilichochanwa, nyuma yake kuna namba za mizigo. Sehemu ya chini haikuwepo. Baadaye nilikuja kujua kwamba askari aliyempekua mwenye karatasi alichana nusu ya chini akasokotea tumbaku, kabla mtu hajamwambia kwamba maandishi yale yana kazi. Mwandiko niliujua kwa kutupia jicho moja. Mkia wa herufi ye ulirudi nyuma mno, kama mtu aliyesahau kitu njiani. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika ye ya namna hiyo, na Baba alikuwa amemkoholea miaka tisa bila kumbadilisha.

*

Abasi aliletwa kwetu akiwa na miaka minane. Dada yake, Mwaisha, alimshusha kutoka Kinole, akamkabidhi kwa Baba pamoja na jogoo na mkungu wa ndizi, akarudi mlimani siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa na shuka moja iliyonuka moshi. Tuliifua mara mbili na bado ikanuka, nasi watoto wa chuo, ambao huruma hatukuwa tumefundishwa, tukamwita Jikoni. Alilikubali jina. Baba alipotafuta mtoto wa kukwangua masizi ya vyungu kwa ajili ya wino, Jikoni ndiye aliyejitokeza, na miaka yote iliyofuata wino wa chuo chetu ulitoka mikononi mwake.

Hakuwahi kumtaja mama yake. Nilimuuliza mara moja, akasema, "Yupo mlimani," nami nikaamini kwamba yupo mlimani kama mama wa watu wengine walivyo mlimani.

Alinitania, nami nilimtania. Jina langu ni Chausiku, lakini kwa jinsi nilivyopenda kusikika, yeye aliniita Mwana wa Mchana. Nilipomaliza kusoma ukurasa bila kujikwaa na kuwatazama wenzangu kwa dharau, Abasi alikuwa akisema polepole, bila kuinua kichwa, "Mwana wa Mchana hakosei." Kila mtu alicheka. Mimi nilikasirika kwa uso na kufurahi kwa moyo, na tulipofika miaka kumi na mitano nilikuwa nakosea makusudi ili nisikie atasema nini.

Kisha Mama, aliyekuwa Mluguru na hakukubali mila zake zipotee kwa sababu ya kuolewa mjini, akaniweka ndani. Abasi akachukuliwa kubeba mizigo. Hatukuagana.

Chuoni Baba alikuwa na mambo mawili ambayo kila mwanafunzi aliyajua. La kwanza lilikuwa kikohozi chake. Hakukemea mtoto. Ukikosea, alikohoa mara moja, kikavu, nawe ulirudi mwanzo wa mstari ukatafuta kosa mwenyewe. La pili lilikuwa fe. Lugha yetu ina fa na va, lakini herufi za Kiarabu tulizotumia zina fe tu, yenye kichwa kidogo na nukta moja juu yake. "Fe ni mama wa pacha," Baba alikuwa akisema. "Usimwite mtoto jina kabla hujatazama sura yake. Fua au vua, faa au vaa, mstari unaofuata ndio utakaokuambia. Sauti ingoje, maana itangulie."

Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa watoto wadogo kwa mdomo wangu mwenyewe.

*

Nyuma ya pazia, nikasoma hivi:

*Tulizaliwa nyumbani, leo wapi tunafika,*
*Utoto u mlimani, mwenzangu, umeshavuka,*
*Mizigo i mabegani, na miguu yachubuka,*
*Basi twangojea nini, na sisi hatujavuka?*

Nilisoma kwa sauti ambayo bado naisikia. Ilikuwa sauti ya bibi harusi. Nilipofika kwenye *mwenzangu* nilijua kwamba mwenzangu ni mimi. Utoto wetu umeshavuka, yaani umepita, ananiambia. Basi tunangoja nini? Mstari wa mizigo niliupita haraka, kwa kuwa haukunihusu. Mwanamume niliyemtaka alikuwa ameniuliza neno nililotaka kuulizwa, na lilinifikia mbele ya watu, na Mungu alikuwa amepanga mdomo wa kulitamka uwe wangu.

Baba akakohoa.

Mara moja, kikavu. Nilikisikia kama ninavyowasikia kuku uani sasa hivi. Nilijua maana yake. Nikajiambia ni vumbi, ni uzee, ni tumbaku ya askari. Kurudi mwanzo wa mstari mbele ya wageni, mimi, niliyesoma bila kujikwaa? Sikurudi.

"Linaonekana ni shairi," Dominiko alisema. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza. "Maana yake nini?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifikiri namsaidia Abasi. Nilifikiri wakijua ni mambo ya vijana tu, watamcheka na kumwachia. "Si barua ya vita," nikasema. "Ni mtu anamwambia mwenzake kwamba utoto umekwisha vuka. Anamuuliza wanangojea nini na wao."

Kalamu ikasimama.

"Umevuka," Dominiko alisema polepole. "Vuka. Kama kuvuka mto?"

"Kama kuvuka mto," nikajibu, nikifurahi kwamba kijana wa misheni anaelewa mafumbo.

Kisha askari mmoja akacheka puani, na Baba akaanza, "Bwana karani, hiyo fe..." na askari akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye. Dominiko akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya upole wala ya ukali, "Mleteni."

Sikujua kwamba muda wote huo Abasi alikuwa amesimama uani kwetu, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa amesikia habari ya hamsa ishirini. Alikuwa amesikia nikisoma. Niliona miguu yake chini ya pazia, na visigino vilikuwa vimepasuka kiasi kwamba nisingeijua kama si kidole kidogo cha kushoto, alichokikata kwa shoka akiwa na miaka kumi.

"Wewe ndiye uliyeandika?" Dominiko akamuuliza.

"Mimi."

"Umesikia lilivyosomwa. Amesoma sawa? Kama kuna neno amelibadilisha, sema sasa."

Nimeishi na kimya kilichofuata muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Hakikuwa kirefu. Jogoo alipita barazani, mtu akamfukuza. Kisha Abasi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko chuoni na hajainua kichwa:

"Amesoma sawa. Mwana wa Mchana hakosei."

Nami, nyuma ya pazia, nikatabasamu.

*

Walimnyonga siku ya Alhamisi, karibu na reli, na wapagazi wote walipangwa wasimame watazame. Waliwasomea shairi kwa herufi za Kizungu kutoka kwenye karatasi ya Dominiko, ili kila mtu ajue kosa lake ni nini. Baba alikwenda akiongozwa na Mama. Mimi mwali sikuweza kutoka, kwa hiyo nililia ndani, na hata kulia nililia kimyakimya, kwa maana mwali akilia kwa sauti watu huuliza anamlilia nani.

Baba aliporudi aliketi upande wake wa pazia.

"Kwenye ile karatasi, mwanangu. Ilikuwa na nukta ngapi?"

"Moja, Baba."

"Na mstari uliofuata?"

"Haukuwepo. Ilichanwa."

"Basi ungesema neno halijulikani."

Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine hadi alipokufa, lakini hakunipa tena kitu cha kumsomea. Barua zikija, alimwita mtoto wa jirani aliyekuwa akijikwaa kila neno, naye alimsikiliza kwa subira mpaka mwisho.

Hata hivyo nilikuwa bado sijui. Naomba hili lieleweke. Nilidhani kosa langu ni kwamba nilisoma kweli mahali pasipostahili kweli. Nilidhani Abasi aliniandikia mimi, na kwamba alikufa kwa ajili ya mapenzi yetu, na kuna siku, Mungu anisamehe, jambo hilo lilinipa fahari.

Mwezi wa Agosti mizinga ilisikika upande wa kaskazini, Wajerumani wakaanza kuchoma maghala yao, na sisi tukakimbilia mlimani. Hivyo ndivyo nilivyotolewa uali, bila ngoma, bila nguo mpya, nimebeba mtungi. Tulipita Bigwa tukapanda siku nzima kwenye ukungu na matope, Mama akimshika Baba mkono, hadi Kinole. Aliyetupokea alikuwa Mwaisha.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache. Alitupa magimbi na mahali pa kulala, na kwa siku tatu hakumtaja ndugu yake. Siku ya nne tulikuwa tunapalilia migomba, mimi na yeye, akanionyesha kwa jembe kilima kidogo chenye majani marefu kuliko kwingine.

"Nyumba yetu ilikuwa pale," akasema. "Mama alikataa kwenda kulima pamba ya akida, alikuwa na homa. Askari wake wakaja wakachoma. Mimi nilikuwa kisimani. Abasi alikuwa nje anacheza, na mama alikuwa ndani."

Niliacha kupalilia.

"Alipopita hapa na mizigo, mwezi wa Shabani, walipumzika kidogo tu. Akaniimbia kitu alichotunga. Alisema kimemkaa kifuani tangu utotoni na sasa kimetoka. Nilimwambia arudie mpaka nikakishika." Akasimama wima, mikono juu ya mpini, akakisema kama mtu anavyotaja majina ya ukoo wake, bila madaha.

Ubeti wa kwanza niliujua, lakini haukuwa ule. Mwaisha alisema *umeshafuka*. Alisema *na sisi hatujafuka*. Mtu aliyechoka hadi kushangaa kwa nini na yeye hajawa moshi kama utoto wake. Kisha akaendelea na nusu ile ambayo askari aliivuta na tumbaku yake:

*Mama akaita ndani, sauti ikakatika,*
*Moshi hadi mawinguni, na paa likaanguka,*
*Majivu yangu kichwani, hadi leo hayatoka,*
*Utoto u mlimani, nauona ukifuka.*

"Na mwenzangu?" nikauliza. Niliuliza, wallahi. Baada ya yote hayo, hilo ndilo lililonitoka mdomoni. "Mwenzangu ni nani?"

Mwaisha akanitazama kwa mshangao. "Ni mimi," akasema. "Nani mwingine alikuwepo?"

Tukaendelea kupalilia. Sikumwambia nani aliyesoma. Alijua kwamba ndugu yake alinyongwa kwa sababu ya karatasi, na alidhani wazungu walisoma vibaya kwa kuwa ni wazungu. Nikamwacha adhani hivyo. Hadi leo sijui kama Abasi alisema nimesoma sawa kwa sababu ya fimbo ishirini na tano ambazo zingeangukia mgongo wangu na wa mzee wangu, au kwa sababu alisikia ile sauti yangu ya bibi harusi na akaona aibu kunirudisha mwanzo wa mstari. Najua tu kwamba alikuwa na neno moja la kujiokoa, naye alilijua kuliko sisi wote.

*

Dominiko hakuwa mtu mbaya. Baada ya vita aliacha ukarani akawa mwalimu wa shule, na mwaka 1931 tulikutana sokoni, mimi nikiwa na watoto watatu. Alinitambua kwa sauti nilipokuwa nabishana bei ya chumvi. Aliniambia, macho yakiwa chini, kwamba ile karatasi hakuitupa, kwamba huwafundisha watoto shairi lile kila mwaka ili kijana yule asisahauliwe. "Ni shairi la ushujaa," alisema. "Aliwaambia wenzake wavuke." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kulikuwa na jua, na watoto walikuwa wanalia, na nikamwambia, "Mungu akulipe, Mwalimu," nikaenda zangu.

Sasa tumejitawala, na mjukuu wangu Mwajuma anasoma shule ya kati. Jana alasiri alikuja na daftari akaketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Mwalimu wao amewapa shairi la wakati wa vita ya Wajerumani, alilolinakili kutoka kwa mwalimu wake wa zamani, marehemu sasa. Ubeti mmoja tu, mtunzi hajulikani. Wameambiwa waeleze sauti ya mshairi na maana yake. Mimi sijui herufi zao, kwa hiyo nikamwambia anisomee.

Anasoma vizuri. Hajikwai, na akimaliza mstari huinua kidevu kidogo. Alisoma ubeti wote, kisha akasoma jibu aliloandika chini yake: kwamba sauti ya mshairi ni ya matumaini, kwa sababu anaona utoto umevuka salama, naye anawahimiza wenzake wavuke wasiogope. Akaniambia mwalimu amekwisha litazama na amesema ni sawasawa kabisa.

"Rudia ule mstari wa pili," nikamwambia.

"Utoto u mlimani," akasoma, "mwenzangu, umeshavuka..."

Nikakohoa, mara moja, kikavu.

"Pole, Bibi," Mwajuma akasema. Akainuka akaniletea maji kwenye kikombe, akangoja ninywe, kisha akaketi, akaendelea kutoka pale alipoishia.